Ukanda wa Kabati la Mama Leokadia

Ipo siku moja siisahau, mwanangu, hata sasa ambapo naitafuta miwani huku nimeivaa. Nilikuwa nyuma ya nyumba yetu kule kijijini Msanzi, napepeta ulezi, nikasikia kishindo cha ubao jikoni na baada yake kimya. Kishindo nilikuwa nimekizoea, maana kabati la jikoni kwetu lilikuwa na kelele zake. Kimya ndicho kilichoniinua. Nikaingia nikamkuta mama mkwe wangu, Mama Leokadia, ameketi sakafuni kando ya mafiga, kiganja puani, damu inapita katikati ya vidole, na mlango wa kabati bado unacheza juu ya kichwa chake.

Kaa kidogo. Nitakusimulia polepole kwa sababu ndiyo kasi niliyobaki nayo. Magoti yamechoka, macho yamechoka, na siku hizi naamka nimechoka kana kwamba nimelima usiku kucha. Nakaa hapa Chanji, mjini Sumbawanga, kwa mwanangu Oswadi na mkewe Neema. Sina shida ya chakula wala ya blanketi. Nina muda mwingi tu kuliko kazi, na mzee wa namna hiyo akikushika mkono uketi, huna pa kukimbilia.

Wakati ule nilikuwa nimeolewa na Kletus kwa msimu mmoja tu wa mavuno. Kwa akina Kletus, mke mpya hakupewa jiko lake mapema. Alipika na mama mkwe kwenye mafiga yale yale mpaka mama mkwe mwenyewe aridhike, ndipo anajengewa la kwake. Wako walioona mila hiyo ni kifungo, na kwa mama wakwe wengine nadhani kilikuwa kifungo kweli. Mimi sikuwa na haraka. Mama Leokadia alikuwa mtu wa kupika naye. Hakuwa na maneno mengi, na ukikosea chumvi alikula chakula chako chote kwanza, halafu kesho yake ndipo anakwambia.

Tena alikuwa karibu haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akabaki anaona mwanga wa mlangoni na wekundu wa moto, basi. Lakini ungeingia jikoni ukamkuta anasonga ugali wa ulezi usingejua. Alisikiliza maji yanavyochemka akajua ni wakati wa kutia unga. Aliupima unga kwa kiganja. Chumvi alijua iko rafu ipi, dagaa wa Kasanga wako kwenye kikapu kipi, na kijiti cha kuchochea moto alikilaza mahali pamoja kila siku. Ukikihamisha ulisemwa.

Kabati lenyewe alilichonga marehemu mume wake, na marehemu alikuwa mkulima. Ufundi wa mbao aliufanya kwa mapenzi, na mapenzi hayanyooshi mbao. Lilikuwa kabati zito, lenye mlango mmoja mpana na bawaba alizozing'oa kwenye sanduku bovu. Ubaya zaidi ni sakafu. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo, imeinamishwa makusudi kuelekea nje ili maji ya kuoshea vyombo yatoke yenyewe, na kila Jumamosi tuliisiriba upya. Kabati likisimama juu ya sakafu iliyoinama nalo linainama. Kwa hiyo ukishatoa komeo, mlango haukungojei. Unakwenda wenyewe mpaka mwisho, unagonga ukuta, unarudi kwa hasira. Wakati wa kiangazi, upepo wa kwetu Ufipa unapopita chini ya paa, ulikuwa mbaya zaidi.

Mama Leokadia aliujua mlango huo miaka yote. Alikuwa akiufungua kwa mkono wa kushoto na kuushikilia hivyo hivyo, wa kulia unatoa kitu. Siku hiyo mkono wa kushoto ulikuwa na kibuyu cha maziwa. Akafungua kwa wa kulia, akainama kutafuta bakuli, mlango ukaenda ukutani ukarudi ukamkuta usoni. Hivyo tu. Hapakuwa na ajabu yoyote.

Kletus alimpenda mama yake, na mtu anayependa akiogopa hufanya jambo la kwanza linalomjia. Jambo la kwanza lililomjia ni jiwe. Alilichimbia sakafuni ili mlango ukifika hapo ugote. Mlango ukagota kweli, lakini kwa chini peke yake, huku juu bado unavutwa kwenda mbele. Haikuchukua muda bawaba ya chini ikang'oka na misumari yake, mlango ukabaki unaning'inia kwa bawaba ya juu. Kletus akaigongelea bawaba upya. Siku iliyofuata Mama Leokadia akajikwaa kwenye jiwe lile akaanguka kifudifudi, hatua moja tu kutoka motoni.

Ndipo wifi yangu Sesilia alipokuja kutoka kijiji cha Kate, alikoolewa, kumwona mama yake. Alimkuta na pua iliyovimba na goti lililochubuka. Wakakaa yeye na kaka yake jioni hiyo wakaongea kwa sauti ya chini, mimi nikiwa pembeni kama mgeni. Sikuwa na neno la kuchangia, na hakuna aliyenitarajia niwe nalo. Walikubaliana kwamba mama ameshafanya kazi ya kutosha. Apumzike. Jiko liwe langu.

Asubuhi Sesilia alimwekea mama yake kigoda nje, upande wa ghala la mahindi, mahali jua linapofika mapema. Akamfunika blanketi mabegani, akambusu mkono, akarudi kwake Kate akiwa na moyo mweupe. Nami nikaingia jikoni nikapanga vyombo nilivyotaka mimi. Hata kile kijiti cha moto nikakilaza upande mwingine.

Sasa sikiliza hapa, mwanangu, maana hapa ndipo watu wengi wanapopita bila kuona.

Siku za kwanza hatukuona kitu. Mama Leokadia alikaa juani, majirani wakapita wakamwamkia, akaitikia. Nilimpelekea chakula akala kidogo akasema ni kitamu. Halafu kidogo kikawa kidogo zaidi. Nilianza kuona vidole vyake vinatembea juu ya blanketi, vinachambua kitu ambacho hakipo, kama maharage yasiyokuwepo. Alianza kusinzia mchana. Majirani wakimwamkia anachelewa kuitikia, mpaka wengine wanarudia shikamoo mara ya pili wakidhani amekuwa kiziwi pia.

Kisha siku moja nikampelekea maji ya kunawa, akaniuliza, "Gaudensia, sasa hivi ni asubuhi au jioni?"

Jua lilikuwa limesimama utosini. Nilimwambia ni mchana, mama, nikarudi jikoni nikakaa chini. Mtu asiyeona anajuaje saa? Anaijua kwa kazi. Moto wa asubuhi una harufu yake, maji ya uji yana sauti yake, na mwanamke anayepika anajua jioni imefika kwa sababu mikono yake imeshamaliza ya mchana. Sisi tulimtoa katika kazi hizo na saa zake zikabaki jikoni. Nilihisi kabisa kwamba tukiendelea hivi mavuno mengine hatutakuwa naye, na hapo hakuwa mgonjwa wa kitu chochote.

Nilimwambia Kletus usiku huo huo. Akasema ni uzee. Watu wakishasema ni uzee wanakuwa wamemaliza.

Lakini Mama Leokadia hakuwa amemaliza. Kesho yake Kletus alipotoka kuwafungua ng'ombe alimwita, akaniita na mimi. Tukaja, tukachuchumaa mbele ya kigoda chake. Alizungumza Kifipa, nami nakupa kwa Kiswahili, ingawa kwa Kifipa maneno yalikuwa makali zaidi.

"Kletus," alisema, "mimi nilipigwa na nani?"

"Na mlango, mama."

"Na nikaangushwa na nani?"

"Jiwe."

"Na aliyetolewa jikoni ni nani?"

Mume wangu alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono ya kushika plau, na nilimwona anakuwa mdogo pale chini kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mlango umekosa, mkanifunga mimi," alisema. "Mlango bado uko huru. Unapiga ukuta kila siku, nausikia kutoka hapa. Na huyu mwenzako mlango utampiga na yeye, akiwa na mimba au na mtoto mgongoni. Hapo mtamtoa na yeye mmpeleke wapi? Mtamwekea kigoda hapa karibu yangu?"

Hakupaza sauti. Aliongea kwa uchovu, uchovu ambao wakati ule sikuuelewa na sasa nauelewa mpaka kwenye mifupa. Ni uchovu wa kulazimika kueleza jambo lililo wazi kwa watu unaowapenda. Alipomaliza alijifunika blanketi akageuza uso upande wa jua, nasi tukabaki tumechuchumaa bila kujua tuinuke au tungoje.

Siku hiyo hiyo Kletus alianza kuushughulikia mlango. Jirani yetu alikuwa amechinja ng'ombe kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe, na ngozi ilikuwa bado mbichi. Kletus akaomba kipande, akakata ukanda mzuri, mpana kama vidole viwili. Akausimamia mlango yeye mwenyewe, akaufungua mpaka pale alipoona panatosha, akaukaza ukanda ule mbichi kwa ndani, mwisho mmoja kwenye mlango na mwingine kwenye ubavu wa kabati. Ukapendeza kweli. Mlango ulifika pale ukasimama kwa adabu, wala ukuta haukuguswa. Tukamrudisha mama jikoni, tukala vizuri jioni ile, na Kletus akalala akijiona amekuwa fundi kama marehemu baba yake.

Unacheka? Basi wewe umewahi kukaa na ngozi. Ngozi mbichi ukiiweka jikoni juu ya moshi, tena kiangazi, inakauka, na ikikauka inajikunja. Kila siku ule ukanda ulifupika kidogo. Kwanza bakuli kubwa likawa halipiti. Halafu chungu. Mwisho mlango ukawa unafunguka upana wa kiganja tu, nikawa naingiza mkono kama mtu anayemkamua ng'ombe mkali, natoa kijiko kimoja kimoja.

Mama Leokadia aliupapasa mlango, akaupapasa ukanda, akaanza kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu apigwe. "Mwanzo mlango huu ulikuwa mlevi," alisema, "sasa mmeufanya mtawa. Mimi nataka mlango wa kawaida."

Ndipo aliposimamia kazi mwenyewe. Alimtuma Kletus zizini alete ukanda wa zamani wa nira, ule uliokuwa ukifungwa chini ya shingo za maksai, uliolowa mvua na jasho na kukauka na kulowa tena mpaka ukachoka. Alisema ukanda uliokwisha kufanya kazi yake hauna tena cha kujikunja wala cha kunyooka, utabaki ulivyo. Kisha akaukataa urefu ambao Kletus aliupima kwa macho. Alichukua chungu kikubwa, akasimama mahali anaposimama kila siku, akasema, "Fungua." Kletus akafungua. Mama akageuka na chungu chake, kiwiko kikapita bila kugusa kitu. "Ongeza kidogo." Akageuka tena. "Hapo. Pigilia hapo."

Na aliagiza ukanda usikae karibu na bawaba, ukae katikati ya mlango. Ukiwa karibu na bawaba, alisema, mlango unauvuta kwa nguvu zake zote mpaka misumari inatoka, nasi tulishaona bawaba iliyong'oka ilivyo. Akataka pia uwe kwenye kimo cha mkono wake. Hilo hatukulielewa mpaka baadaye. Akiingia jikoni alikuwa akinyoosha mkono kwanza kuutafuta ukanda. Akiukuta umekaza alijua mlango uko wazi, umeishia pale. Akiukuta umelegea, mlango uko nusu, auangalie. Asipoukuta, mlango umefungwa. Ukanda ule wa ng'ombe ukawa ndiyo macho yake upande ule wa jiko.

Alipika miaka mingi baada ya hapo. Alinisaidia kulea watoto wote, Oswadi akiwa wa mwisho, na Oswadi huyo alichapwa mara nyingi kwa kujaribu kubembea kwenye ukanda wa bibi. Jiko langu nilijengewa, nikalitumia kuhifadhia kuni. Wiki aliyofariki Mama Leokadia alikuwa bado anasonga ugali, na mimi ndiye niliyekuwa nachelewa kuleta mboga.

Kletus alimfuata baadaye, watoto wakatawanyika, na mimi nikabaki Msanzi na nyumba kubwa na upepo. Oswadi alipokuja kunichukua kunileta mjini aliniambia nibebe vitu vichache. Nilichukua vitenge vyangu, rozari, na kabla ya kufunga mlango nikachukua kisu nikaukata ule ukanda kwenye kabati. Sikujua nautakia nini. Mzee akihama hubeba vitu ambavyo hata yeye hawezi kuvieleza.

Jiko la Neema hapa Chanji ni zuri. Ni vigae na maji ya bomba na jiko la gesi, na makabati meupe yaliyopangwa ukuta mzima, bawaba zake zimefichwa ndani usizione. Kando ya jiko la gesi kuna kabati refu la unga na mchele, na mlango wake nao haujui kusimama. Ukiuachia unazunguka mpaka juu ya jiko lenyewe. Neema anauzuia kwa nyonga bila kufikiri. Ni mwenye nguvu, mchana kutwa anasimama dukani anauza vitenge, akirudi bado anapika. Mimi macho yangu yameanza kufanya ukungu, la kushoto zaidi, na nyonga zangu haziwezi kumzuia hata kuku.

Juzi hivi Neema alikuwa anakaanga vitunguu, akatoka kidogo kupokea simu. Nikafungua kabati kuchukua unga. Mlango ukanitoka, ukaupiga mpini wa kikaango, kikapinduka. Mafuta yalimwagika vigaeni, matone machache yakanirukia mguuni. Hakuna kilichoungua sana isipokuwa kitenge, ila Neema aliporudi na kuona alinikumbatia akalia kama mimi ndiye mtoto. Namshukuru kwa machozi yale. Sijayasahau.

Usiku Oswadi alikuja akakaa karibu yangu, akaniambia, "Mama, umeshafanya kazi ya kutosha. Wewe pumzika tu."

Maneno yale yale, mwanangu, kwa sauti ile ile ya baba yake. Nilimwangalia nikataka kucheka na nikataka kulia, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka sikufanya lolote. Nilisema sawa.

Basi nikapewa kochi. Nikapewa na televisheni, yenye tamthilia za nchi za mbali ambazo watu wake wana nyumba za kifahari na kila siku wanagombania urithi. Asubuhi nyumba inabaki tupu, mimi na hao wagombania urithi. Mwanzo nilijisemea nimestahili. Nimeamka alfajiri tangu nikiwa msichana, kwa nini nisikae? Lakini kukaa kunachosha kuliko kulima. Kulima kunachosha mikono peke yake.

Kisha ikatokea jioni moja Neema ameingia na mizigo yake, nikasikia mdomo wangu mwenyewe unamuuliza, "Neema, sasa hivi ni asubuhi au jioni?"

Niliogopa. Nakwambia wazi, niliogopa kuliko siku ya mafuta. Nilimwona Mama Leokadia juu ya kigoda chake, vidole vinachambua blanketi, nikatazama mikono yangu nikaikuta inafanya vilevile juu ya kitambaa cha kochi.

Nilikwenda chumbani nikafungua begi, nikautoa ule ukanda. Neema akanikuta nao mapajani. Akauliza, "Mama, ni mkanda wa nini huo?" Nikamsimulia kama ninavyokusimulia wewe, ila kwake nilisimulia vibaya, nikaanzia katikati, nikalia mahali ambapo hapakuwa pa kulia. Nilimwambia yale maneno ya mlango umekosa mkanifunga mimi. Sikumlaumu. Mtu aliyekuogopea hadi kulia unamlaumu kwa lipi?

Aliuchukua ukanda akauvuta kwa mikono miwili, akaunusa, maana bado una moshi wa Msanzi. Nilidhani atasema ni uzee.

Akasema, "Mama, ulikuwa unafungwa kwenye kimo gani?"

Jumapili tulipotoka misa hakubadili hata nguo. Alichukua bisibisi ya Oswadi, akanisimamisha mbele ya kabati refu, akanipa sinia nishike. "Geuka, mama," akasema. Nikageuka. "Tena." Nikageuka tena, kiwiko kikapita. Oswadi alisimama mlangoni na glasi ya maji, anautazama ule ukanda aliochapwa kwa ajili yake. Akaweka glasi chini akaja kuushika mlango, mkewe akakaza skrubu. Neema alitaka kuziweka karibu na bawaba, nikamwambia la, sogeza katikati.

Jioni ile nilisonga ugali mimi. Macho yalinidanganya, ukawa na madonge. Waliula wote. Neema alikula donge moja kubwa bila kusema kitu, na kesho yake asubuhi ndipo akaniambia, "Mama, jana ugali ulikuwa na madonge." Nilifurahi siku nzima.

Mwanangu, nimechoka na nitafupisha. Utakuwa na nyumba, na katika nyumba hiyo kutakuwa na mlango unaopita kiasi. Uzuie mapema, kabla haujampiga mtu. Weka ukanda, au mnyororo mfupi, au chochote fundi wa mtaa wenu atakachokuwa nacho, usiweke jiwe la kuangusha watu, na usitumie kitu kibichi kitakachojikunja kesho. Uweke katikati ya mlango. Na usiupime kwa macho yako wewe mwenye nguvu. Mwite yule anayepata shida na mlango huo, umpe chungu chake ashike, ageuke, yeye ndiye aseme hapo.

Na siku mtakapoketi jioni kwa sauti ya chini kuamua kwamba mzee wenu apumzike, nawaomba mwinuke kwanza mkatazame mlango. Mkimaliza kuutazama, mwiteni na yeye, maana mazungumzo hayo ni yake. Huenda kweli amechoka na anataka kochi. Mwulizeni. Mimi hakuna aliyeniuliza mpaka Neema.

Nenda sasa, muda wa kuinjika maji umefika, nausikia. Mungu akujalie miaka mingi, akuzeeshe ukiwa na mwiko mkononi, na siku macho yako yatakapokuwa na ukungu akupe mtoto wa watu atakayekusimamisha mbele ya kabati na kukuuliza, mama, tuufunge kwenye kimo gani.